Kozi 15 za msingi katika chuo kikuu cha Kikatoliki: zinakula muda kiasi gani, na mwanafunzi Muislamu azipange vipi?

SWALI: Nimepata nafasi ya kusomea biolojia katika chuo kikuu cha Kikatoliki nchini Marekani. Barua yao inasema kabla ya kuhitimu nimalize kozi 15 za msingi, zikiwemo mbili za theolojia na mbili za falsafa. Mimi ni Muislamu na lengo langu ni sayansi. Je, kozi hizi zitanichelewesha? Kuna namna ya kuziruka? Na darasani nitatakiwa kuyakubali mafundisho ya Kanisa?

JIBU: Nianze na la mwisho, maana nadhani ndilo linalokusumbua zaidi, na jibu lake ni fupi: hapana. Theolojia inayofundishwa kama kozi ya chuo kikuu si katekisimu, yaani mafundisho ya kumlea mtu katika imani. Hakuna anayekupima imani. Unapimwa kama umeyasoma maandishi uliyopewa, kama umeielewa hoja iliyomo, na kama unaweza kujenga hoja yako mwenyewe kwa ushahidi wa maandishi hayo. Kuhudhuria misa si sehemu ya kozi. Hata sheria ya Kanisa lenyewe iko upande wako: katiba ya kitume Ex corde Ecclesiae, aliyoitoa Papa Yohane Paulo II tarehe 15 Agosti 1990 na ambayo ndiyo mwongozo wa vyuo vikuu vya Kikatoliki duniani, inataka uhuru wa dhamiri wa kila mtu uheshimiwe kikamilifu. Wenzako wametangulia, tena kwa miaka mingi. Georgetown, chuo cha Wajesuiti (shirika la watawa wa Kikatoliki) kilichoanzishwa 1789, kina imamu wa kudumu tangu 1999.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu kuchelewa ni suala la hesabu.

Shahada ya kwanza Marekani kwa kawaida ni krediti 120 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi). Kozi nyingi ni za krediti 3, kwa hiyo unazungumzia kozi 40 hivi, yaani tano kila muhula kwa mihula minane. Kozi 15 za msingi ni krediti 45. Ukiishia hapo utaona mwaka mmoja na nusu wa biolojia umeporwa, na ndivyo wengi wanavyohesabu. Kosa lao ni kudhani kwamba kozi za msingi na kozi za fani ni mafungu mawili yasiyogusana.

Chukua mfano wa Boston College, ambako idadi ni hiyo hiyo ya 15: theolojia 2, falsafa 2, historia 2, sayansi asilia 2, sayansi ya jamii 2, kisha moja moja ya fasihi, sanaa, hisabati, uandishi na tofauti za tamaduni. Mwanafunzi wa biolojia hahitaji kutafuta kozi nyingine za sayansi asilia wala hisabati. Zimo tayari ndani ya fani yake. Hapo zimebaki 12. Ile ya tofauti za tamaduni mara nyingi inaruhusiwa kuhesabiwa pamoja na sharti jingine, kwa mfano kozi moja ya historia inayotimiza historia na tamaduni kwa mpigo, kwa hiyo ukichagua kwa makini unabaki na 11, yaani krediti 33. Tuseme biolojia yako, pamoja na kemia, fizikia, hisabati na maabara zake zote, inakula krediti 65. Jumla ni 98. Una krediti 22 mkononi, karibu kozi saba za hiari. Hakuna muhula uliopotea hapo.

Wanaobanwa kweli ni wa uhandisi na uuguzi, kwa kuwa ratiba zao zimefungwa muhula kwa muhula na nafasi ya hiari ni ndogo. Vyuo vingi huwapunguzia kozi za msingi kwa sababu hiyo. Ndiyo maana ukihama kutoka kitivo kimoja kwenda kingine ndani ya chuo hicho hicho, usidhani masharti yamehama nawe. Soma upya.

Kuna sharti moja ambalo mara nyingi halimo kwenye ile 15 na huwashtua watu mwaka wa tatu: lugha ya kigeni. Vitivo vya sanaa na sayansi aghalabu huidai kando, na inaweza kufika mihula mitatu au minne ukianzia sifuri. Wewe unayezungumza na kuandika Kiswahili una kadi ya kucheza hapa. Uliza mapema kama chuo kinakubali umahiri wa lugha ya kwanza isiyo Kiingereza, na wanataka uthibitisho gani: cheti cha sekondari kinachoonyesha alama ya Kiswahili, au mtihani. Ukikubaliwa, umeokoa hadi krediti 12 kwa barua pepe moja.

Vyuo hivi havikuanza kudai falsafa na theolojia jana. Zile sanaa huria saba za kale, yaani sarufi, mantiki na balagha, kisha hesabu, jiometri, muziki na elimu ya nyota, zilikuwa ngazi ya kupandia kwenda kwenye falsafa na theolojia. Wajesuiti wakaufunga utaratibu huo katika mwongozo wao wa masomo wa mwaka 1599, na mwaka 1879 Papa Leo XIII akahimiza falsafa ya Thoma wa Akwino, mwanatheolojia wa karne ya 13, irudishwe katikati ya mafunzo ya Kikatoliki. Ndiyo maana huko falsafa si mapambo. Chuo cha serikali kinaweza kukuacha uhitimu bila kumsoma Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, hata ukurasa mmoja. Cha Kikatoliki ni nadra sana.

Lakini vyuo vya Kikatoliki havifanani, kwa hiyo usinakili mpango wa rafiki aliyesoma chuo kingine. Fordham ina kozi zenye majina maalumu ambazo kila mtu hupitia: ya falsafa ya asili ya mwanadamu, ya imani na fikra hakiki, kisha falsafa ya maadili. Georgetown inakupa uchaguzi wa mlango wa kuingilia: ama kozi iitwayo Suala la Mungu, ama utangulizi wa maandishi ya Biblia. Notre Dame huanza na misingi ya theolojia, ambako Biblia na historia ya Kanisa la mwanzo ndivyo vitu vya kusomwa. University of Dallas imetenga karibu nusu ya shahada kwa kozi za msingi, na fasihi inaanzia kwa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale. Thomas Aquinas College kule California imekwenda mbali kuliko wote: haina fani kabisa, wote wanasoma mtaala mmoja. Ukisikia mtu anasema "kozi za msingi za Kikatoliki ni nzito" au "ni rahisi", muulize ni za chuo kipi.

Tuingie darasani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wanafunzi wa sayansi wanapoangusha alama bila kujua kwa nini.

Kanuni ya serikali ya Marekani inaihesabu krediti moja kuwa saa moja ya darasa na angalau saa mbili za kazi nje ya darasa kila wiki, kwa wiki 15 hivi. Kozi ya krediti 3 ni saa tisa kwa wiki. Krediti 15 ni saa 45. Hiyo ni kazi kamili ya ajira. Tena kurasa hazilingani uzito. Kurasa 20 za kitabu cha historia unaweza kuzimaliza kwa saa moja. Kurasa 20 za Aristotle zitakuchukua saa tatu, na ukizimaliza kwa saa moja ujue hujazisoma. Kwa hiyo usipime uzito wa kozi kwa idadi ya kurasa kwenye silabasi.

Kosa la kwanza kwenye insha za theolojia ni kuhubiri. Linawapata Wakristo kuliko Waislamu, kusema kweli. Swali linasema: linganisha namna Mungu anavyoelezwa katika sura ya kwanza na ya pili ya kitabu cha Mwanzo. Mwanafunzi anaandika kurasa nne kuhusu ukuu wa Mwenyezi Mungu na baraka za uumbaji. Anapata C na analalamika. Kilichotakiwa ni kuona kwamba sura ya kwanza ina mpangilio wa siku, Mungu anaumba kwa neno, na mwanamume na mwanamke wanaumbwa pamoja siku ya sita baada ya mimea na wanyama. Ilhali sura ya pili inaanza na mtu aliyefinyangwa kwa mavumbi, kisha bustani, kisha wanyama, kisha mwanamke, na Mungu anaonekana karibu kama mfinyanzi na mkulima. Ukishaona tofauti hizo, hoja yako ni kueleza zinafanya kazi gani. Unaweza kupata A bila kuandika sentensi hata moja kuhusu unachoamini wewe.

Kosa la pili ni la kusoma vibaya umbo la maandishi. Thoma wa Akwino ana mtindo wake: kila swali linaanza na pingamizi, zikifuatiwa na kauli inayozipinga, ndipo anapotoa jibu lake mwenyewe, na mwisho anajibu pingamizi moja moja. Kwenye swali la kama Mungu yupo, maneno ya mwanzo kabisa ni kwamba inaonekana Mungu hayupo. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayenukuu maneno hayo kama msimamo wa Thoma. Ukimsoma, ruka kwanza uende kwenye sehemu inayoanza "Najibu", uielewe, ndipo urudi juu. Tahadhari hiyo hiyo kwa Plato: anayezungumza ni mhusika katika mazungumzo, na mara nyingi mhusika huyo yumo humo ili akosolewe. Kwenye insha andika nani anasema, siyo "Plato anasema" kila mahali.

Kosa la tatu ni woga. Mwanafunzi asiye Mkristo anadhani akipinga hoja ataadhibiwa, basi anaandika muhtasari usio na uti wa mgongo. Muhtasari ndio unaoadhibiwa. Una haki kamili ya kusema hoja fulani ya Thoma haishiki, mradi uonyeshe inavunjikia kwenye dai lipi na kwa nini. Na wewe una mlango ambao wenzako wengi hawana: Thoma alimsoma Ibn Sina kwa kina, na Ibn Rushd anamwita tu "Mfafanuzi", kwa heshima ya maelezo yake juu ya Aristotle. Insha inayoonyesha Thoma anakubaliana wapi na Ibn Sina na wanaachana wapi ni mada nzuri kuliko nyingi zinazoletwa. Mwombe mwalimu ruhusa, kisha nenda ofisini kwake saa alizotenga kwa wanafunzi ukiwa na aya moja ya hoja. Usiende mikono mitupu ukauliza "niandike nini?"

Kama unafikiria udaktari baadaye, hesabu mazoezi haya kama maandalizi. Mtihani wa MCAT, unaohitajiwa na shule nyingi za udaktari huko Marekani, una sehemu nzima ya kusoma na kuchambua: maswali 53 kwa dakika 90, na vifungu vyake vyote vinatoka kwenye sanaa, falsafa, historia na sayansi ya jamii. Hakuna biolojia ndani yake. Sehemu nyingine ina saikolojia na sosholojia, kwa hiyo zile kozi mbili za sayansi ya jamii zichague hapo na si kwingineko.

Mpangilio. Kanuni yangu ni moja: kozi za msingi zisigeuke kiporo, lakini pia usizibugie zote mwaka wa kwanza. Ushauri wa "maliza za msingi kwanza, fani baadaye" unawafaa wa historia. Kwa mtu wa biolojia ni sumu, kwa sababu sayansi ni mnyororo. Kemia ya mwanzo haijapita, kemia ogania haifunguki. Hiyo haijapita, biokemia haifunguki. Ukivuka mwaka wa kwanza bila kemia, hapo ndipo unapochelewa mwaka mzima, na lawama zitaiangukia theolojia bure.

Kwa hiyo muhula wa kwanza chukua biolojia na maabara, kemia na maabara, kalkulasi, na kozi moja ya uandishi. Utaangukia krediti 14 au 15. Usiongeze falsafa muhula huo. Muhula wa pili, sayansi zinaendelea na theolojia ya kwanza inaingia. Mwaka wa pili, muhula wa kemia ogania uupe kozi nyepesi ya kusoma, sanaa kwa mfano, na falsafa ya kwanza uiweke ule ambao maabara ni chache. Theolojia ya pili na historia zije kabla mwaka wa tatu haujaisha. Falsafa ya pili, kama chuo kinaruhusu, ichukue kwenye maadili ya tiba. Inakaa vizuri na biolojia. Mwaka wa mwisho usibaki na zaidi ya kozi mbili za msingi, na hizo ziwe za kundi lenye madarasa mengi, kama fasihi au historia. Usiiache theolojia. Madarasa yake hujaa, na wa mwaka wa kwanza wakati mwingine hutengewa viti.

Baadhi ya vyuo vina njia ya mkato halali. Boston College kuna programu mbili za mwaka mzima, Perspectives na PULSE, ambazo kila moja ni krediti 12 na inamaliza falsafa mbili na theolojia mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni ya kusoma maandishi makuu. Ya pili inaongeza kazi ya kujitolea kwenye jamii kila wiki, na saa zake si chache. Kwa mtu mwenye maabara mbili kwa wiki ningechagua ya kwanza, au nisichague yoyote.

Kuziruka je? Kwa historia, hisabati na fasihi, mitihani ya sekondari kama AP (ya Marekani), IB au A-level yaweza kukupa krediti au kukusogeza ngazi, kila chuo na alama yake. Angalia neno kwa neno: kupewa krediti si lazima kuwe kutimiza sharti la msingi. Unaweza kupewa krediti 3 zinazoingia kwenye hiari tu. Theolojia na falsafa usizitegemee huko. AP haina mtihani wa somo lolote kati ya hayo mawili, na vyuo vingi hutaka yasomwe kwao wenyewe. Kozi ya kiangazi katika chuo kingine cha bei nafuu inawezekana kwa masomo mengine, lakini pata kibali cha maandishi kabla ya kujiandikisha, ukiambatanisha silabasi. Aghalabu wanataka C au zaidi, na kinachohama ni krediti, si alama, kwa hiyo haitainua GPA yako, yaani wastani wa alama zako.

Mtego mwingine ni jina la kozi. Kozi ya "dini na siasa" inayofundishwa na idara ya sosholojia haitimizi theolojia kwa sababu tu ina neno dini. Kinachohesabika ni alama ya kozi ya msingi kwenye katalogi, yaani orodha rasmi ya kozi za chuo, kwa muhula ule unaoichukua. Vivyo hivyo kuna kozi za biolojia zilizotengenezwa kwa wasio wa sayansi: zinatimiza kozi ya msingi, hazitimizi fani. Ukiichukua kwa makosa umelipia kitu kisichokusogeza. Na usibadili kozi ya msingi iwe ya kufaulu au kufeli tu bila alama. Vyuo vingi haviikubali kwa sharti la msingi, na unagundua miezi michache kabla ya mahafali.

Mwisho, viza. Mwenye viza ya F-1 (ya mwanafunzi) ngazi ya shahada ya kwanza lazima awe na angalau krediti 12 kila muhula wa kawaida. Ukiwa na 14, falsafa ikakulemea ukaiacha katikati ya muhula, umebaki na 11, na hapo si suala la alama tena ni suala la uhalali wako nchini. Kabla ya kuacha kozi yoyote, nenda kwanza kwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni, siyo baada. Kozi ya mtandaoni inayohesabiwa ndani ya zile 12 ni moja tu, yenye krediti 3, kwa muhula. Na ukibakiza kozi moja peke yake muhula wa mwisho, hiyo haiwezi kuwa ya mtandaoni tupu. Ni lazima uwepo darasani. Watu wamerudi chuoni kwa muhula mzima kwa ajili ya kozi moja ya sanaa waliyoisahau.

Wiki hii, kabla hujathibitisha nafasi yako, mwandikie mshauri wa masomo wa kitivo chako na umuulize haya: masharti ya katalogi ya mwaka gani yatanifunga? Kozi zipi za biolojia zinatimiza sayansi na hisabati za msingi? Sharti la tofauti za tamaduni linaweza kuhesabiwa pamoja na jingine? Kiswahili kinatimiza lugha? Cheti changu cha sekondari kinanipa krediti, na zinaingia kwenye fungu gani? Je, nikipangiwa darasa la uandishi la wanaojifunza Kiingereza, linahesabiwa kama kozi ya uandishi ya msingi au ni la ziada? Hilo la mwisho wengi hawaliulizi, na ndilo linaloongeza kozi ya 16. Majibu yakija, yahifadhi kwa tarehe. Mshauri anaweza kuhama, lakini barua pepe inabaki.